Mfupa wenye kuvunjika haungoji siku ya Mungu

Maneno ya komite ya afya mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Omate. Tumeyaandika kwa ajili ya wenye hawakufika na kwa wafadhili wetu wa mbali.

Tunajua kama mvua ilinyesha usiku mzima na njia iko matope. Tulipewa nafasi ya kusema, na tutasema juu ya jambo moja tu: mfupa wenye kuvunjika pamoja na ngozi, na usaha wenye kuingia ndani yake.

Hatuko wanganga. Katika komite kuko muuguzi mmoja na mama mmoja mwenye kuzalisha. Sisi wengine ni walimaji na wachimbaji kama ninyi. Mambo ya hospitali yenye tutasema tuliyauliza kwa watu wenye kuyasomea, mara mbili, mara tatu, mpaka tukaelewa. Mwisho wa maneno tutawaomba munyooshe mikono, sababu kuko sheria moja ya kasha letu yenye tunataka kubadilisha. Lakini kwanza tunapaswa kuungama.

Kosa letu

Wote munamjua ndugu yetu mwenye kuketi pale karibu na mlango, mguu juu ya kiti. Alituruhusu kueleza habari yake, akaomba tu tusiandike jina lake. Alikuwa na sisi kambini Bulengo, akatoka na sisi wakati kambi za pembeni ya Goma zilibaki tupu, mwezi wa pili 2025. Alipofika nyumbani alikuta shamba la baba yake limekuwa pori. Hakukuwa mbegu, hakukuwa jembe, watoto walikuwa na njaa. Akarudia shimoni, kama wengi wetu.

Siku ya pili moja, saa nne ya asubuhi, jiwe lilimwangukia kwenye muundi. Mfupa ukapasuka na ncha yake ikatoboa ngozi. Wenzake walimtoa shimoni, wakamfunga na shati yenye udongo, wakatengeneza tipoyi ya miti miwili na blanketi, wakambeba kwa mabega mpaka fasi moto inaweza kufika. Mpaka pale hakuna mwenye tunaweza kumlaumu.

Kisha bibi yake akakuja kwetu, na mtoto mgongoni, kuomba pesa za moto na za hospitali. Tulimjibu nini? Tulifungua kitabu cha sheria. Kinasema pesa ya kasha inatoka kisha komite kuketi, na komite inaketi siku ya Mungu, watu wakitoka kanisani. Tukamwambia: "Mama, vumilia kidogo, siku ya Mungu tutaangalia."

Hatukusema vile kwa roho mbaya. Ile sheria tuliiweka sisi wenyewe, sababu kambini tuliona makasha mengi yakiliwa na watu wawili watatu wenye kushika ufunguo. Tulitaka kulinda jasho la wanachama. Pesa ililindwa. Mguu haukulindwa.

Kutoka siku ya pili mpaka siku ya Mungu ni siku tano. Ndani ya zile siku tano, familia ilifanya kile kila familia ingefanya: ilimwita mzee mwenye kuunga mifupa. Alifunga mguu na mianzi, akaweka majani yenye kupondwa juu ya kidonda. Siku ya tano mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, na chumba chote kilinuka. Siku ya Mungu komite ikaketi, wote tukakubali, hakuna hata mmoja aliyepinga. Pesa ikatoka. Mgonjwa akafika hospitali, wanganga wakaosha, wakakata nyama yenye ilikuwa imekufa, na mguu ukaokolewa. Tuliimba kwa furaha.

Mwezi wa tatu kidonda kikafunga. Mwezi wa ine kikafunguka pembeni, tundu dogo kama la msumari, na usaha ukatoka. Kikafunga tena, kikafunguka tena. Usiku mfupa unamuuma, asubuhi iko na homa kidogo. Siku moja bibi yake alikuwa anaosha ule mguu, akaona kitu cheupe kinatoka kwenye tundu, kigumu, kama punje ya mahindi. Ilikuwa kipande cha mfupa. Njo pale tulijifunza neno jipya, lenye wanganga wanaita osteomieliti: ugonjwa wa mikrobi wenye kuketi ndani ya mfupa.

Sababu gani dawa peke haitoshi

Wengi wetu tunafikiri mfupa ni kama jiwe au kama mti mkavu. Hapana. Mfupa ni kitu hai. Iko na damu yenye kuingia kwa njia ndogo sana, zingine kutoka kwenye ngozi nyembamba yenye kufunika mfupa, zingine kutoka kwenye uboho katikati. Mfupa ukivunjika kwa nguvu, zile njia zinakatika. Kipande chenye kimebaki bila damu kinakufa, hata kama kiko palepale ndani ya mguu.

Kipande kile chenye kimekufa, wanganga wanakiita sekestri. Ni nyumba nzuri kwa mikrobi. Yenye kupatikana mara nyingi ni stafilokoki, yenye inaishi hata juu ya ngozi na ndani ya pua ya mtu mzima bila kumdhuru. Ikipata mfupa mfu inajishikiza pale na kujifunika na utando wenye utelezi. Sasa, dawa inasafiri ndani ya damu, kama vile moto inasafiri kwenye njia. Fasi hakuna njia, moto haifiki. Unaweza kumeza antibiotiki mwaka mzima. Itaua mikrobi yenye kutembea pembeni, usaha utapunguka, utafikiri umepona. Ukiacha dawa, wale wenye kujificha ndani ya mfupa mfu wanatoka tena.

Njo maana kile kidonda kinafunga na kufunguka, kinafunga na kufunguka. Haiko karuho. Haiko jirani amekuloga sababu ulipata dhahabu kumupita. Tunasema hivi kwa nguvu, sababu tuliona familia zikiuza mbuzi kulipa watu wa kutoa uchawi, na jirani wa miaka mingi wakaacha kusalimiana, kumbe shida ni kipande cha mfupa chenye urefu wa kidole.

Kuko jambo lingine. Mwili haukai bure. Unajenga mfupa mpya kuzunguka ule mfu, kama vile mti unameza msumari wenye kupigiliwa ndani yake. Kwa hiyo mfupa mfu unafungiwa ndani, na kuutoa kunaomba mikono ya munganga mwenye kupasua.

Matibabu yenyewe

Kwanza wanapiga radio ya mguu, kuona mfupa uko namna gani na fasi gani umekufa. Kisha wanapasua, wanatoa mfupa mfu wote mpaka wafike kwenye mfupa wenye kutoka damu, sababu damu njo alama ya uzima. Wakati uleule wanachukua kipande kidogo cha ndani kupeleka laboratwari, kujua ni mikrobi gani na inaogopa dawa gani. Usaha wa juu ya ngozi hautoshi kwa kazi hiyo. Mara nyingi unaonyesha mikrobi ya ngozi, siyo ile yenye kuketi chini.

Shimo lenye kubaki wanalifunika na nyama nzuri, sababu nyama inaleta damu. Kama mfupa haujashikana, wanaushikiza na vyuma vya nje, vile vyenye munaona vikitoka kwenye mguu wa ndugu yetu, wanaviita fiksateri. Watoto wanaviogopa, lakini ndivyo vinaacha kidonda wazi cha kuosha wakati mfupa unatulia. Kisha wanatoa antibiotiki kwa muda mrefu, mara nyingi majuma sita.

Hapa tuko na habari njema. Zamani wanganga wengi waliamini kwamba dawa ya mfupa lazima ipite kwa sindano na seromu. Mwaka 2019 ulitoka uchunguzi wa Uingereza, wagonjwa 1,054 wenye mikrobi ndani ya mifupa na viungo. Nusu walipewa dawa kwa mshipa, nusu kwa kinywa, kwa majuma sita ya kwanza ya matibabu. Kisha mwaka mmoja, wale wa kinywa hawakuwa nyuma ya wale wa mshipa. Kwetu sisi hii ni kitu kikubwa: mtu mwenye kupasuliwa vizuri anaweza, munganga akikubali, kumalizia dawa nyumbani kuliko kulala majuma sita mbali na shamba lake. Lakini musisikie vibaya. Wale wagonjwa walichaguliwa dawa na wanganga wenye kujua ugonjwa, na walifuatwa kwa karibu. Haiko ile tembe moja moja yenye tunanunua kwenye meza ya soko bila kujua jina.

Na tundu lenye kutoa usaha musilizoee. Kuko watu wenye wanaishi nalo miaka kumi, miaka ishirini, wanaweka kitambaa na kuendelea na kazi. Likikaa miaka mingi vile, ngozi ya pale inaweza kugeuka kansa. Haitokei kwa kila mtu, lakini inatokea. Mwenye yuko na kidonda cha zamani, aje kwetu bila haya.

Saa ya kwanza

Yale yote tumesema ni ya mtu mwenye amekwisha kuchelewa. Sasa tuseme namna ya kutofika kule, na hapa tunaomba vijana wa mashimoni wasikilize kupita wengine.

Mfupa ukitoboa ngozi, au hata kama kidonda ni kidogo tu karibu na fasi mfupa umevunjika, hesabu kwamba mikrobi imekwisha kuingia. Usirudishe mfupa ndani na mikono yako. Mwaga maji safi mengi juu ya kidonda, maji ya kunywa yenye kuchemshwa kama yako. Funika na kitambaa safi. Shikiza mguu na mbao mbili, kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini, ili mfupa usicheze njiani. Usikaze sana: angalia vidole vya mguu, na vikianza kuwa baridi, kubadilika rangi au kufa ganzi, legeza. Kisha mtie njiani. Usingoje kuche, usingoje mjomba arudi, na usingoje sisi.

Kule kwenye senta ya afya, yenye tunapaswa kuomba ni mambo matatu: antibiotiki palepale, chanjo ya pepopunda, na kidonda kuoshwa vizuri. Miongozo ya wapasuaji inataka dawa ya kwanza iingie ndani ya saa moja ikiwezekana. Kwetu, na vilima hivi na tipoyi, saa moja ni ngumu. Lakini saa tatu ni nzuri kupita saa kumi, na saa kumi ni nzuri kupita siku tano.

Kuna watu wenye kufikiri bila mashine kubwa hakuna kitu cha kufanya. Si kweli. Mwaka 2015 ulitoka uchunguzi juu ya wagonjwa zaidi ya 2,400 wenye mifupa yenye kutoboa ngozi, kutoka nchi mbalimbali. Walilinganisha kuosha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuosha kwa sabuni, na kuosha kwa nguvu ya mashine na kuosha polepole. Sabuni haikushinda, wenye kuoshwa na sabuni walirudishwa kupasuliwa zaidi. Na nguvu ya mashine haikuleta faida. Maji ya chumvi, mengi, yenye kumwagwa polepole, yalitosha.

Na Dar es Salaam, kwenye taasisi ya mifupa ya Muhimbili, walilinganisha watu wenye kuvunjika muundi na ngozi kutoboka, kwa vidonda visivyo vikubwa sana. Wamoja waliwekewa chuma cha ndani ya mfupa, wengine vyuma vya nje. Matokeo yalitangazwa 2020: kisha mwaka mmoja, hakukuwa tofauti kubwa kati yao kwa habari ya kurudi kupasuliwa. Tunasema hii sababu wengine wetu wakiona vyuma vya nje wanalia kwamba walipewa matibabu ya maskini. Haiko matibabu ya maskini.

Jambo lingine lenye linaleta ugomvi: kidonda kuachwa wazi. Mama mmoja alitulalamikia, "Munganga aliosha mtoto wangu, kisha akakataa kushona, ni kwa sababu hatukuwa na pesa." Hapana, mama. Kidonda chenye uchafu kikishonwa siku ya kwanza, unafungia mwizi ndani ya nyumba. Kinaachwa wazi chini ya kitambaa safi, na siku ya ine mpaka ya saba wanaangalia. Kikiwa kizuri, njo wanafunga. Wanganga walijifunza hii kwa machozi, katika vita ya 1914 mpaka 1918. Mbelgiji mmoja, Antoine Depage, kwenye hospitali yake ya De Panne, alisisitiza kukata nyama yenye kufa na kutofunga haraka. Na Alexander Fleming, mbele ya kuvumbua penisilini 1928, alikuwa munganga wa askari kule Ufaransa. Alionyesha kwamba dawa kali za kuua mikrobi, zikimwagwa ndani ya kidonda kirefu, hazifiki kwenye kona zake, na zinaua hata askari wa mwili wenyewe. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na hapa kwetu bado tunafungua tembe na kumwaga unga wake ndani ya kidonda. Tuache.

Mwaka huuhuu kuko binti wa mmoja wetu alianguka na moto. Mfupa wa muundi, ngozi imetoboka, sawasawa na ndugu yetu. Lakini alianguka karibu na senta, na muuguzi alikuwa pale. Dawa iliingia, kidonda kikaoshwa, akapelekwa hospitali siku ileile. Kisha miezi mitano alikuwa anatembea bila fimbo. Leo yeye njo aliwapangia viti humu ndani. Hatusemi kila mtu mwenye kufika mapema anapona vile. Kuko vidonda vyenye vinaleta usaha hata vikitunzwa vizuri. Lakini kati ya ule mguu na huu, tofauti tunayoijua sisi ni zile siku tano.

Wazee wenye kuunga mifupa

Hatutaki mutu atoke hapa akitukana wazee wetu. Kambini, wakati hakukuwa nafasi hospitali, wao njo waliunga mikono ya watoto wetu, na mingi ilinyooka. Tuliketi nao mara tatu mbele ya mkutano huu. Tumekubaliana hivi: mfupa wenye kuvunjika na ngozi iko nzima, mtu akiwaendea, wataangalia vidole na hawatakaza mpaka damu ikatike. Lakini wakiona damu, wakiona tundu hata dogo, hawatagusa, hawatachanja, hawataweka majani, wao wenyewe watasema, "Hii ni ya hospitali, saa hii." Mzee mmoja kati yao alituambia kwamba hakuna mwenye alimwelezea hivi toka aanze kazi ya baba yake. Ule mzee yuko hapa, na tunamshukuru.

Fasi ya kwenda

Kwa kidonda kipya, tunaanza na senta yetu, kisha hospitali kuu ya Walikale. Tusivuke senta kukimbilia mbali. Dawa ya kwanza na maji vinapatikana karibu.

Kwa mfupa wenye umekwisha kuoza, kazi ni ya wapasuaji wa mifupa. Goma kuko hospitali ya CBCA Ndosho, fasi CICR ilisaidia miaka mingi upasuaji wa watu wenye risasi, na kuko HEAL Africa, yenye ilianzishwa na Jo Lusi, yeye mwenyewe munganga wa mifupa, pamoja na bibi yake Lyn. Kama mguu umeharibika mpaka kukatwa, na wakati mwingine kukata njo kuokoa mtu, kuko Shirika la Umoja kulekule Goma, wenye kutengeneza miguu ya bandia na kufundisha kutembea. Lakini munajua njia ya Masisi: leo inafunguka, kesho inafungwa. Ikifungwa, kunabaki njia ya Lubutu mpaka Kisangani. Yote ni mbali na yote ni ghali, na kuko siku zenye haiwezekani kabisa. Hiyo pia ni sababu ya kumaliza kazi hapa karibu, wakati mguu bado ni mzima.

Yenye tunaomba

Sasa tunafika kwenye kasha.

Hesabu iko kwa mtunza hesabu, kila mtu anaweza kuiona. Siku ile ya pili, mama yule alikuwa anaomba pesa ya moto, ya dawa na ya kuoshwa. Toka pale kasha lenu limelipa kupasuliwa mara mbili, radio nyingi, safari ya mgonjwa na mwenye kumsindikiza, chakula cha miezi. Na kuko yenye haiko ndani ya kitabu: mtoto wake mkubwa aliacha masomo akashika kazi ya kubeba mizigo, na bibi yake analima peke yake. Tulitaka kulinda pesa, tukatoa mara nyingi kupita ile tulikataa.

Kwa hiyo komite ya afya inaomba mambo ine.

La kwanza: sehemu ya pesa iwekwe pembeni kwa haraka. Watu watatu washike, mmoja wao awe mama. Wawili wakikubali, pesa inatoka saa ileile, usiku au mchana, na siku ya Mungu inayofuata wanaeleza mbele ya wote ilienda wapi, na karatasi mkononi. Tunasikia wenye kusema, "Mutafungua mlango kwa wezi." Ni woga wa kweli, sisi wenyewe tulikuwa nao. Lakini mwizi wa pesa kidogo tunaweza kumkamata siku ya Mungu. Mfupa wenye kufa katikati ya juma, hakuna mkutano wenye unaweza kuufufua.

La pili: kwenye kila kundi la mashimo kuwe sanduku moja: vitambaa safi, mbao za kushikiza, maji safi ndani ya bido lenye kufungwa, na tipoyi tayari. Wakubwa wa mashimo walikubali kutoa miti na watu wa kubeba.

La tatu: mgonjwa mwenye kurudi na dawa za majuma sita asiachwe peke yake. Mmoja wetu amtembelee kila juma, ahesabu tembe pamoja naye, aangalie kidonda. Na tumletee chakula: maharagi, ndakala, mayai yakipatikana. Mwili hauwezi kujenga mfupa kwa fufu tupu. Na wenye kuvuta tumbako, ndugu, muache mpaka mfupa ushikane. Moshi unachelewesha kupona.

La ine ni kwenu wafadhili wetu. Tunawashukuru kwa yote mulifanya toka tulirudia, mabati na mbegu. Wengine muliuliza kama mutume mashine. Kwa sasa musitume mashine. Tusaidieni kujaza kasha la haraka likipunguka, na tusaidieni senta isikose antibiotiki za sindano, maji ya chumvi na chanjo ya pepopunda. Ni vitu vidogo, havipendezi kwa kupiga picha. Lakini kama vingekuwa tayari siku ile, pamoja na pesa ya moto, ndugu yetu pengine angekuwa amesimama hapa.

Yeye mwenyewe, tulipomuuliza kama anataka kusema neno, alisema hivi: "Mimi sina kisirani na mutu. Lakini mubadilishe ile sheria, mutu mwingine asingojee kama mimi nilingoja." Mpasuaji alimwambia kwamba mfupa umeanza kushikana, na toka kupasuliwa kwa mara ya pili lile tundu halijafunguka. Bado hatusemi amepona. Ugonjwa huu uko na subira, na sisi tutamwangalia miezi na miaka.

Basi tunawaomba. Wenye kukubali kwamba pesa ya mfupa isingoje tena siku ya Mungu, wanyooshe mkono. Wenye kukataa, wasimame waseme, tutawasikiliza mpaka mwisho.